Tone la Mchuzi Kiganjani

Kabla ya ugonjwa, katika familia yetu hakuna aliyekuwa anakula nyumbani. Usicheke. Mimi ni mpishi, na mpishi hulisha watu wa nje kwanza. Nilikuwa na kibanda changu mkabala na karakana ya samani. Nilipika wali, maharage, na mchuzi wa nyama na viazi, na mafundi seremala walikuja na vumbi la mbao kwenye kope, wakaita, "Mama Mwiko, tupakulie!" Mume wangu ni kinyozi. Yeye alikula dukani kwake, huku ananyoa, huku anatafuna. Binti yetu alikuwa chuoni na alikula alichokijua mwenyewe. Meza ya chakula tuliipa kazi ya kubeba nguo zinazosubiri pasi.

Kisha ugonjwa ukaenea, serikali ikatufungia ndani. Kibanda kikafungwa, duka la kinyozi likafungwa, chuo kikamrudisha binti pamoja na godoro lake. Nguo zikaondoka mezani, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikamwona mume wangu akila chakula changu kikiwa bado cha moto. Nikuambie kweli, nilifurahi. Dunia inalia, redio inataja wagonjwa, na mimi niko jikoni naimba. Tulikula asubuhi, tukala mchana, tukala jioni, na katikati binti alikaanga viazi. Mume wangu, ambaye maisha yake yote alimeza chakula kama mtu anayefukuzwa, alijifunza kutafuna. Alijifunza hata kuniambia kitunguu kimeungua.

Hapa nieleze jambo moja la jikoni kwangu, maana ndilo lililotufikisha tulipofika. Mimi sipimi chumvi. Natia maji yakichemka, natia tena mchuzi ukianza kuwa mzito, na kila nikitia nadondosha tone kiganjani, nalamba. Ulimi ndio unaoniambia basi. Ukiridhika nasema "Imefika," nashusha sufuria. Mama yangu alipika hivyo. Mdogo wangu wa kike naye nilimfundisha hivyo hivyo, nilipomchukua kukaa nami baada ya mama kufariki. Sasa ni mtu mzima mwenye kwake, anakaa mtaa wa nyuma, na mlango wa jiko lake unafungukia uchochoro wetu.

Ugonjwa ulipoingia kwetu ulinichagua mimi. Nililazwa chumba cha nyuma, kikombe changu kikafungwa uzi mwekundu kisichanganyike na vya wengine, na chakula kikawa kinawekwa mlangoni. Mtu anabisha hodi halafu anakimbia kama mtoto mtundu. Nikapona. Homa ikaenda, kifua kikafunguka, lakini ladha haikurudi. Uji, supu, limau, vyote kwangu vilikuwa maji. Nilitafuna kitunguu kibichi mbele ya binti yangu bila kukunja uso, machozi yakamtoka yeye.

Siku niliyorudi jikoni nilipika maharage kwa kukisia. Mume wangu alitia kijiko mdomoni, akakitoa.

"Mke wangu, hii chumvi ni ya maharage au ya kukaushia ngozi?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Nilibeba sufuria nikaimwaga yote uani, nikajifungia chumbani, nikalia mpaka nikajionea aibu. Mpishi asiye na ulimi ana tofauti gani na kinyozi aliyekatika vidole? Nilimuuliza hivyo kupitia mlangoni.

Kesho yake binti alikuja jikoni, akanyoosha kiganja.

"Mama, mimi nitakuwa ulimi wako. Nitilie nionje."

Nikamtilia tone. Akalilamba, akafumba macho kama ninavyofanya mimi, akasema, "Imefika."

Nilimkumbatia mwiko ukiwa mkononi, nikamchafua mgongo mzima. Tangu siku hiyo kila sufuria ilipita kiganjani mwake kabla ya kushuka, na kila mara jibu lilikuwa hilo hilo. Hakuna siku aliyosema ongeza, wala siku aliyosema tia maji. "Imefika, mama. Tamu." Nilivimba kichwa. Nilimwambia jirani kwa juu ya ukuta, "Ulimi umekwenda, lakini mkono haujasahau!" Kumbe nilivishwa kilemba cha ukoka, na nikakizungusha mtaa mzima.

Baada ya hapo ulaji wa nyumba yangu ukabadilika tena. Wale waliokuwa wakigombea ukoko sasa wakawa watu wa kiasi. Wanapakua kidogo, wanakula kidogo, wanabakiza. Mume wangu alisema daktari wa redioni ameshauri watu wapunguze chakula kwa sababu hawatoki. Binti alisema tumbo limezoea. Walikunywa maji mengi sana mezani, ushauri wa daktari huyo huyo. Na kila baada ya kula, mazoezi! Baba na binti wanavaa barakoa, wanatoka kutembea, wanarudi baada ya kitambo wamechangamka na mashavu yanang'aa. Mimi nilikuwa bado nahema nikiinua ndoo, kwa hiyo nilibaki naosha vyombo na kumshukuru Mungu kwa familia iliyojifunza kujizuia. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kwa kula kule kudogo na kutembea kule kote, mkanda wa mume wangu ulikuwa umehamia tundu la mwisho.

Halafu Randa akapiga simu. Randa ndiye mwenye karakana ya samani. Mafundi wake walimpa jina hilo kwa sababu akikukuta na kosa anakuparua mpaka unalainika kama ubao.

"Mama Mwiko, Ijumaa tunafungua," alisema. "Ila mafundi hawatatoka tena kwenda kula kwenye vibanda. Nataka mpishi mmoja tu, anayeingia getini na chakula chake. Sasa nasikia uliugua sana. Kuna wanaoniambia huwezi tena."

"Nani hao?"

"Watu. Mimi siamini maneno, naamini sahani. Lete chakula Ijumaa mchana, mafundi wale. Wakiridhika, jiko la karakana ni lako. Wasiporidhika, utanisamehe."

Niliielewa vizuri simu ile. Kama mafundi hawatoki nje, kibanda changu hakina tena wa kumlisha. Ama nishike jiko la karakana, ama niweke mwiko chini nizeeke nikitazama ukuta. Niliwasimulia mezani jioni hiyo. Mume wangu alikuna kidevu. Binti akanishika mkono.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Ulimi wako nipo."

Nilimwamini. Ningemwamini hata kama angeniambia jua linapikwa.

Jumanne ya wiki hiyo nilikuwa napika mchuzi wa nyama na viazi, kama mazoezi ya Ijumaa. Binti alionja, akasema imefika, akaenda kupanga sahani. Mimi, kwa mazoea tu ya mkono, nikadondosha tone kiganjani mwangu na kulilamba.

Chumvi.

Niliisikia! Mwanzo ilikuwa mbali, kisha ikaja yote kwa pamoja, na nyuma yake nyama, na nyuma ya nyama kitunguu. Mate yakanijaa. Nilishika ukingo wa meza ya jikoni nikacheka bila sauti, machozi yananitiririka, nikafungua mdomo niwaite wote waje waone. Kisha nikalamba tena, na kicheko kikanikauka.

Ilikuwa kali. Haikuwa imezidi kidogo tu, ya kusameheka. Ilikuwa chumvi ya kumtoa mbuzi machozi. Nikaelewa mara moja nilichokuwa nikikifanya. Nilikuwa natia mara ya kwanza na kutia mara ya pili kama siku zote, lakini ule ulimi uliokuwa unaniambia basi haukuwepo, na mkono wenyewe haujui basi. Na kiganja nilichokiamini kilikuwa kimelamba sumu hii dakika hiyo hiyo na kusema tamu.

Nikafunga mdomo. Nikapakua. Nikakaa mezani nikawatazama kama natazama wageni. Mume wangu alitia kijiko, akameza haraka, akanywa maji.

"Leo umejipita mwenyewe," akasema.

"Kweli, mama," binti akasema, naye akavuta kikombe cha maji.

Miaka yote hii nimeishi na mume huyu, na sikujua kwamba anaweza kudanganya bila hata kope kucheza. Walibakiza. Walivaa barakoa. Wakaenda mazoezi.

Safari hii niliacha vyombo kwenye beseni nikawafuata. Hawakwenda hata barabarani. Walikata uchochoroni, wakabisha mlango wa jiko la mdogo wangu mara moja tu, kama watu wanaosubiriwa, wakaingia. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya moshi. Nikasimama chini yake, mimi mama mzima, kama mwizi wa kuku.

Walikuwa wamekaa na sahani zimejaa. Mdogo wangu alikuwa anampakulia mume wangu kwa mwiko niliompa mimi mwenyewe siku aliyohamia kwake.

"Kula, shemeji, maskini. Leo kapika nini?"

"Usiniulize. Figo zangu zimeanza kuandika wosia."

Wakacheka. Binti yangu naye alicheka. Ningeweza kusamehe mengi, lakini kile kicheko kinanichoma mpaka leo.

"Na Ijumaa?" mdogo wangu akauliza. "Nimeshamwambia Randa kwamba dada hajapona. Kasema atamjaribu kwanza."

"Tumwache apeleke," mume wangu akasema. "Mafundi watamwambia wenyewe. Sisi tukimwambia atamwaga sufuria na kulia tena. Akisikia kwa watu wa nje hatakuwa na la kubisha. Wewe uwe getini na sufuria yako. Kazi itabaki humu humu kwetu, na yeye apumzike."

Kisha nikasikia sauti ya binti yangu.

"Na akinipa nionje?"

"Sema kama siku zote."

Binti hakujibu.

Nilihama dirishani, mkono wangu ukawa tayari kwenye kitasa. Ningeingia, na wallahi kungekuwa na sufuria hewani. Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo nimeutumia kwa ndoa za wengine na ndugu za wengine, nikitikisa kichwa kwa huruma ya kinafiki, na siku hiyo ulinikuta uchochoroni. Mume wangu anipeleke nikaaibike mbele ya wanaume nilioanza kuwalisha wakiwa wanafunzi wa ufundi. Mdogo wangu, niliyemlea, asubiri getini nianguke apite juu yangu. Lakini binti alikuwa hajajibu. Kimya chake ndicho kilichoniondoa pale mlangoni. Nilijiambia: huyu atasema. Hao wawili waache, huyu atasema.

Nikarudi nikaosha vyombo.

Jumatano nilipika vilevile, chumvi mara mbili, akaonja, akasema imefika. Nilijipikia yai langu walipokwenda kutembea. Alhamisi jioni nilikuwa namenya viazi vya kesho, akaja akasimama mlangoni akiegemea fremu.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

Nilisimamisha kisu. Nilitaka kumwambia sema, sema tu, sitamwaga kitu chochote.

"Hakuna kitu," akasema. "Nikusaidie kumenya?"

Tulimenya wote mpaka viazi vikaisha.

Ijumaa niliamka alfajiri. Nilipika sufuria mbili. Ile kubwa niliipika kwa ulimi wangu mwenyewe, tone baada ya tone, na iliposhuka nilisema "Imefika" kwa sauti ndogo na mwili ukanisisimka. Nikaifunika, nikaiweka uani nyuma ya pipa. Ile ndogo niliitia chumvi kama nilivyokuwa natia siku zote za upofu wangu, mara ya kwanza na mara ya pili, nikaiacha jikoni inachemka. Kisha nikamwita binti.

"Onja. Ndiyo inayokwenda karakana."

Akanyoosha kiganja. Nikadondosha tone. Nilimtazama usoni bila kupepesa. Akalamba. Akatazama sufuria, akatazama dirisha.

"Imefika, mama."

"Usinionee huruma leo," nikasema. "Leo ni kazi yangu. Leo ndiyo maisha yangu. Ikiwa imezidi niambie, nitatia maji, nitaongeza viazi, muda upo. Una hakika?"

Nilikuwa namwomba. Sauti yangu mwenyewe niliisikia inamwomba.

"Nina hakika," akasema. "Tamu."

Nikamshukuru, nikamwambia akaoge. Kitu fulani ndani yangu kilikaa chini na hakijasimama tena sawasawa.

Mume wangu alikuja kunisaidia kubeba. Nilimpa sufuria ya uani. Hakuuliza kwa nini ilikuwa uani. Alikuwa na haraka ya mtu anayetaka jambo liishe. Kwenye geti la karakana tulimkuta mdogo wangu na sufuria yake imefungwa kwa kitambaa, akajifanya ameshtuka.

"Dada! Nimesema nije nikutie moyo."

"Na sufuria?"

"Aah, nikasema labda chakula hakitatosha."

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Subiri hapo hapo."

Mafundi walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mmoja kwenye benchi lake la kazi, barakoa zimeshushwa kidevuni. Nikapakua. Vijiko tu ndivyo vilivyosikika. Mume wangu alitazama viatu vyake. Randa alikula akiwa amesimama, akakomba sahani kwa kipande cha mkate, akainyoosha tena kwangu.

"Ongeza," akasema. Kisha akageukia getini na kupaza sauti. "Wewe dada wa pale! Ulisema hajapona? Hata mimi natamani niugue ugonjwa wake!"

Mafundi wakacheka, mmoja akapiga benchi kwa nyundo. Kazi nikapewa pale pale, na ufunguo wa jiko nikakabidhiwa. Nilikuwa nimeisubiri furaha ya saa ile, lakini nilipomtazama mume wangu sikuipata. Alikuwa ameinua uso, amepauka kama maji ya mchele.

"Ladha imerudi?" akauliza.

"Imerudi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Nilimwona akirudi nyuma siku moja moja kichwani, Alhamisi, Jumatano, mpaka akaifikia Jumanne na mazoezi yake.

Nikamwalika mdogo wangu aje kwetu ale nasi. Aliogopa kukataa. Niliweka sahani mezani, nikaleta ile sufuria ndogo ya jikoni, nikawapakulia kwa ukarimu, nyama juu, mchuzi mpaka ukingoni. Mimi mwenyewe sikupakua.

"Ndiyo ile uliyoonja asubuhi," nikamwambia binti. "Karakana nilipeleka nyingine. Hii nimewahifadhia nyinyi, kwa kuwa mnaipenda. Kuleni."

Hakuna aliyegusa kijiko.

"Kuleni! Si imefika?"

Wakala. Mdogo wangu alimeza mara moja akaanza kulia. "Dada, nisamehe, sikuwa na nia..."

"Nia ulikuwa nayo, na sufuria ya kuibebea. Kula."

Mume wangu aliweka kijiko chini. "Tulikuhurumia, mke wangu. Ungekasirika."

"Ningekasirika!" nikapiga meza, vikombe vikaruka. "Ningekasirika, ningemwaga, ningelia, na kesho yake ningeamka nitie chumvi kidogo! Hasira zangu ni za siku moja, unazijua tangu ujana. Hiyo ya kwenu haikuwa huruma. Mlinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili mkale kwa amani, na aibu yangu mkawaachia wageni wanipakulie."

Binti peke yake alikuwa bado anakula, kijiko kwa kijiko, machozi yanaingia kwenye sahani kana kwamba chumvi haikutosha. Alipofika katikati akashindwa. Akaniinulia uso.

"Mama," akasema, "chumvi imezidi."

"Najua," nikamwambia.

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo uchochoroni, nikayasubiri tukimenya viazi, nikayaomba asubuhi mbele ya jiko. Yalipokuja nilikuwa nimechoka. Nikamsogezea maji, nikatoa sahani zote, nikamwaga.

Siku hizi nyumba imefunguka. Mume wangu amerudi dukani kwake na anakula huko huko, huku ananyoa. Mdogo wangu hunisalimia kwa juu ya ukuta, nami humwitikia. Jumatatu ya kwanza ya kazi yangu mpya nilikuwa nachemshia nyumbani mchuzi wa kupeleka karakana. Binti akaingia jikoni taratibu, akasimama kando yangu, akanyoosha kiganja kama alivyozoea.

Nikachota kwa mwiko. Tone nikalidondosha kiganjani mwangu, nikalamba.

"Imefika," nikasema, nikashusha sufuria.

Kiganja chake kilibaki kimenyooshwa kwa muda. Kisha akakikunja, akachukua beseni, akaenda uani kuosha vyombo.